Upande wa Libardo

Nohemí alikwangua upande wake wa mlango mpaka kucha zikabadilika rangi. Upande wa pili ulibaki vilevile: rangi imebabuka, mbao zimepauka kwa jua na mvua za mji wao wa milimani, Jericó, aibu tupu. Huo ulikuwa wa kaka yake, Libardo.

Mtauliza, mlango mmoja unakuwaje na wenyewe wawili. Ujinga wa watu wazima, basi. Mama yao, Bi Carlina, alipopelekwa mji mkubwa wa Medellín kwa binti yake mwingine akatibiwe nyonga, Libardo alimuuza ng'ombe wa mama bila kumuuliza mtu. Nohemí akachachamaa, Libardo naye akawaka. Wakagawana nyumba: vyumba vya kushoto vya dada, vya kulia vya kaka, na mlango wa barabarani, wenye pande mbili, kila mmoja akawa anapitia kwake. Hata salamu ikakatika.

Na mama alikuwa anarudi Alhamisi, hajui lolote. Nohemí alikuwa radhi afe kuliko mama ajue. Mama wa watu katiwa vyuma nyongani, aje akute wanawe wamegawana nyumba kama wake wenza? Akiona tu mlango nusu mpya nusu kuukuu, ataelewa kabla hajashuka kwenye gari.

"Fabiola," akamwita jirani muuza empanada, sambusa za huko, ng'ambo ya barabara, ilhali Libardo amekaa palepale anakunywa kahawa, "hebu mwambie bwana huyu apake rangi upande wake, au aniache nipake mimi."

"Fabiola," Libardo akasema bila kugeuza shingo, "mwambie bibi huyu akigusa mbao zangu nitazing'oa na bawaba."

"Mimi nauza empanada," Fabiola akajibu. "Semezaneni wenyewe, au mnunue."

Nohemí alitamani kumvika kaka yake kopo la rangi kichwani. Mtu gani huyu, roho ngumu namna hii? Alhamisi asubuhi akapaka bluu ya mwisho upande wake, akaacha kopo na brashi hapo kizingitini, akaenda kituoni kumpokea mama.

Mvua ikanyesha, basi likachelewa, na jioni ndipo teksi ilipowafikisha nyumbani. Nohemí akashuka roho mkononi. Mlango wote ulikuwa bluu. Umepakwa ovyo, matone mpaka barabarani, lakini bluu, pande zote mbili. Alitaka kulia kwa furaha.

Akasukuma. Haufunguki. Akasukuma kwa bega. Wapi. Kumbe mvua ilipoanza, Libardo aliufunga rangi ikiwa mbichi, na sasa pande mbili zimegandana. Mlango mwingine nyumba haina, na madirisha yana nondo.

"Libardo, fungua."

"Nifungue nini, umeganda," sauti ikatoka ndani. "Sukuma."

"Nasukuma. Vuta wewe."

"Navuta tangu saa tisa. Rangi gani hii uliyonunua?"

"Rangi haina kosa. Nani anafunga mlango mbichi?"

"Ulitaka mvua imlowanishie mama kitanda? Nimekitandika hapa mbele ili asipande ngazi. Wewe ulilifikiria hilo?"

"Ningelifikiria kama ungenisemesha hata neno moja mwaka huu!"

Neno likatoka, halirudi. Nohemí akauma midomo. Nyuma yake mama alikuwa ameketi kwenye kiti alicholetewa na Fabiola, magongo mapajani.

"Mama, usijali, tunafungua sasa hivi."

Bi Carlina alikuwa analia, taratibu, bila kujificha.

"Nikipiga simu, huyu ananiambia mwenzake katoka. Nikimpigia yule, mwenzake katoka. Mwaka mzima nyinyi mnatoka tu." Akajifuta macho kwa kiganja. "Msifungue kwanza. Hebu gombaneni kidogo tena, niwasikie."