Korosho Mbili Zilizobaki

Mwalimu Stellamaris alikuwa akikaa nyuma ya darasa na karatasi moja, kaikunja katikati. Juu aliandika yaliyompendeza katika somo lako, na ndani aliandika ya kurekebisha. Somo likiisha anakupa karatasi vilevile ilivyokunjwa, anakwambia, "Ya juu soma sasa. Ya ndani usome ukishakula."

Siku moja nilimuuliza kwa nini mpaka nile. Akasema, "Mwenye njaa kila neno huliona tusi."

Mimi nilimaliza darasa la saba nikaolewa na Mfaume, mkulima wa korosho na mihogo kule Mzenga, Kisarawe. Serikali ilipotaka kila mtoto wa kijijini asome, walimu hawakutosha, basi tukachukuliwa sisi wa la saba tujifunze ualimu hapohapo shuleni. Siku tatu unafundisha, siku mbili unafundishwa. Ndugu wa mume wangu walicheka sana. Mfaume akawaambia, "Mke wangu akishika chaki, jembe nitashika mimi. Nani kati yenu atapungukiwa?"

Aliyetufundisha ni huyo Stellamaris. Alikuwa mtu wa Songea, ameletwa kwetu kwa uhamisho, umri wake wa kunizaa, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kanisa halikuwapo kijijini. Jumapili alikuwa akisali peke yake chumbani, dirisha wazi, na watu wakipita wanapunguza sauti. Tangu siku ya kwanza aliniita Mwalimu Mwanaasha, na mimi wakati huo nikiandika ubaoni mstari unapanda kama njia ya mlimani. Nilimwambia sijawa mwalimu bado. Akasema, "Najua. Nakuzoesha jina."

Mwezi wa tano mwaka sabini na nane Mfaume aliugua homa siku sita, ya saba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliniachia Abeid wa miaka minne na Zubeda aliye mgongoni. Nikaingia eda nyumbani kwa mkwe wangu, Bi Mwanamkuu.

Siku ya tatu ya msiba Mwalimu Stellamaris alikuja kunipa pole. Alimwamkia mkwe wangu, "Shikamoo, mama," akaketi, akafungua kikapu. Akatoa kanga nyekundu ya maua, sabuni ya kunukia, na chupa ya mafuta ya asumini. Akavipanga mbele yangu mkekani, kimoja kimoja.

Bi Mwanamkuu akavitazama vile vitu, akamtazama yeye.

"Mama mwalimu, umekuja kwa mfiwa au kwa bibi harusi?"

"Mama, mimi ni mgeni wa mambo haya. Nilitaka kumwinua moyo tu. Nimekosea wapi?"

Mkwe wangu akamweleza. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, havai nguo ya rangi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mwalimu Stellamaris alitoa daftari kwenye mfuko akayaandika yote, kama yuko darasani, na wanawake wakawa wanaonyeshana kwa macho. Alipofika mwisho akainua kichwa.

"Na vitabu?"

"Vitabu vimefanya nini?"

"Vinaruhusiwa?"

Bi Mwanamkuu akafikiri. "Havinukii," akasema.

Vile vitu akavichukua mwenyewe akaviweka ndani ya sanduku lake, akafunga kwa ufunguo. Nilidhani habari yake imekwisha.

Kuanzia kesho yake, kila siku baada ya sala ya alasiri, nilisikia viatu vyake vikivuliwa mlangoni. Akitoka shule, badala ya kwenda kupika chakula chake, alikuja kwangu na daftari za wanafunzi nizisahihishe, nisije nikaisahau kazi. Tulisoma juu ya namna mtoto anavyojifunza, tukaandika andalio la somo, tukalifuta, tukaandika tena. Siku nyingine machozi yalinijia katikati ya hesabu. Hakuniambia nyamaza. Alimpokea Zubeda, akampakata, akawa anasubiri mpaka nishike kalamu mwenyewe.

Mwezi wa saba akaja na habari. Mkaguzi atafika katikati ya mwezi wa nane kusikiliza somo la kila mwanafunzi wa ualimu. Asiyesikilizwa hatapata cheti, na bila cheti hakuna kazi. Orodha yetu ilikuwa inafungwa mwaka huohuo, mkaguzi hangerudi tena. Eda yangu ilikuwa inaisha mwezi wa tisa.

Shehe wa kijiji, Mungu amlipe, alileta ujumbe kwamba mjane mwenye dharura anaweza kutoka mchana akarudi. Nilimshukuru, lakini moyo wangu haukukubali. Mfaume aliniacha nikasome wakati wenziwe wanamcheka. Siku zake nilitaka nimkalie zote, nisimmegee hata moja. Lakini usiku nikimsikia Abeid anapumua najiuliza atakula nini, maana shamba lilikuwa la ukoo, na mimi si wa ukoo.

Nikamwambia Mwalimu Stellamaris, "Kama riziki yangu imo humo, itanifuata. Eda siivunji."

Nilitegemea atanibembeleza. Akasimama akaenda uani. Nikamsikia anahesabu hatua, kutoka jikoni mpaka kwenye ua wa makuti.

"Unatafuta nini, mama mwalimu?" mkwe wangu akamuuliza.

"Natazama hapa wataenea watoto wangapi."

"Watoto gani?"

"Darasa la pili. Mwalimu asipoweza kwenda darasani, darasa lina miguu. Hawajabaleghe, mama, hawana neno. Mkaguzi tutamwekea kiti kule nje ya ua. Hatamwona. Atamsikia."

Bi Mwanamkuu akaweka ufagio chini. "Na sauti je? Sauti ya mjane isikilizwe na mwanamume?"

"Itasema hesabu tu, mama."

Mkwe wangu alikwenda kwa shehe mwenyewe. Aliporudi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Wakinimwagia maji ya mtungi wangu, watayachota wao."

Kibali cha mkaguzi kilikuwa hakijapatikana. Jumamosi Mwalimu Stellamaris alipanda lori la mkaa kwenda Kisarawe mjini, akarudi Jumapili jioni, mweusi wa vumbi la magunia mpaka kwenye kope. Mkaguzi, Bwana Isihaka, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakubali, akamwambia kwamba mama yake naye alikaa eda, na yeye akiwa mdogo alikuwa akimpitishia ndizi chini ya ua.

Siku ilipofika niliwasikia watoto kabla sijawaona. Walikuja kwa mstari wakipita kwenye mihogo, wawili mbele wamebeba ubao. Bi Mwanamkuu alikuwa amefagia uani tangu alfajiri. Ubao ukaegemezwa ukutani pa jiko. Nilisimama na nguo zangu nyeupe za eda, chaki mkononi, na nje ya makuti nikasikia kiti kinawekwa, mtu anakohoa kidogo. Mwalimu Stellamaris akakaa nyuma ya watoto, juu ya kinu kilichopinduliwa, karatasi yake gotini.

Nilifundisha kugawanya. Kila watoto watano niliwapa korosho kumi na saba, za msimu uliopita, wagawane sawasawa. Nje hapakuwa na sauti. Nilijua mkaguzi haoni korosho wala vidole vinavyohesabu, hana ila maneno, na kila nilipokaa kimya niliona ataandika kwamba nimekwama.

"Kila mmoja anapata ngapi?"

"Tatu tatu," akajibu Bi Mwanamkuu kutoka mlango wa jiko.

Watoto wakacheka, na nje ya ua mtu akacheka pia, akajifanya anakohoa.

"Bibi amepata," nikasema. "Sasa na sisi tuhakikishe kama bibi hakutudanganya."

Mtoto mmoja, Mwanakheri, msemaji wa polepole sana, akainua mkono. "Kila mtu tatu, Mwalimu. Halafu zile mbili, zile mbili tuna..."

"Zinabaki," nikasema haraka. "Baki ni mbili. Vizuri, kaa."

Akakaa. Nikaendelea mpaka mwisho. Mkaguzi akasimama, akasema kutoka nje, "Mwalimu Mwanaasha, nimesikia. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awakuze watoto." Viatu vyake vikaondoka.

Mwalimu Stellamaris alinipa karatasi ikiwa imekunjwa. Juu aliandika: Sauti yako imesimama. Watoto wameshika hesabu kwa mikono yao. Umemheshimu mkweo mbele ya darasa.

Nilikula, kisha nikafungua ndani.

Ulimkatiza Mwanakheri. Alikuwa hajamaliza. Muulize zile mbili zilikuwa zinakwenda wapi.

Nilikasirika, sitaficha. Siku kama ile, baada ya yote yale, mtu anashindwa kuacha ndani patupu? Nikamwonyesha mkwe wangu. Hajui kusoma, nikamsomea. Akasema, "Huyo hajakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mshukuru," akaendelea kupepeta.

Alasiri ya kesho yake Mwalimu Stellamaris alikuja na Mwanakheri kamshika mkono. Nikamwuliza yule mtoto, na safari hii nikangoja. Alitazama chini, akatazama mlango, akakuna mguu kwa mguu. Mwalimu Stellamaris hakumsaidia hata kwa jicho.

"Nilitaka kusema," Mwanakheri akaanza, "zile mbili tunampa moja yule babu wa nje ya ua, na moja Mwalimu Stellamaris. Wao hawakupata."

Mimi nilikuwa na haraka jibu limfikie mkaguzi. Mtoto alikuwa anampelekea korosho.

Nilimtazama Mwalimu Stellamaris. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya kitenge, na hakuirudisha upesi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Sikujua. Niliona tu mdomo wake ulikuwa bado wazi."

Siku eda yangu ilipotimia, Bi Mwanamkuu alinipasulia mwenyewe ukurasa wa mwisho wa kalenda tuliyohesabia siku. Aliniogesha, akaleta sanduku lake, akazungusha ufunguo. Ile sabuni, yale mafuta, ile kanga nyekundu, vyote vilikuwa mle, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Akanipaka mafuta kwenye nywele kwa mikono yake iliyomzaa Mfaume, tukawa tunalia wote wawili. "Mama mwalimu alikuja mapema tu," akasema. Nilitoka nimevaa ile kanga, nikaenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu Stellamaris alikuwa anafundisha. Aliponiona mlangoni alininyooshea chaki. Cheti kilikuja mwezi wa kumi na moja.

Yeye alirudi kwao kwa uhamisho mwaka themanini na moja. Tuliandikiana. Barua zake zilikunjwa mara moja, juu habari njema, ndani za ugonjwa wake, na chini ya mkunjo kaandika, ukishakula. Ya mwisho iliandikwa na mdogo wake. Ilikuwa haina mkunjo wowote. Nilikuwa nimehamia Mbwawa, Kibaha, na mwanangu Abeid akisoma shule hiyohiyo ninayofundisha. Niliisoma nimesimama nje ya darasa, nikaingia, nikamaliza somo. Jioni nilikaa juu ya mswala muda mrefu, nikamwachia Mungu anayejua watu wake.

Mwaka huu nimeletewa Swaumu, binti wa Mlandizi, anajifunza kazi. Hajui kuandika ubaoni, mstari unapanda. Namwita Mwalimu Swaumu, naye anageuka kutazama ninayemwita. Juzi alikuwa anafundisha la tatu, na kijana mmoja akaanza kujibu, akakwama, akaanza tena. Swaumu alinitazama kule nyuma. Nikainamia karatasi yangu kama sijamwona. Akavuta pumzi, akarudisha macho kwa mtoto, akangoja. Ilikuwa muda mrefu kwa mtu mpya.

Somo lilipoisha nikampa karatasi. Aliigeuza huku na huku.

"Na humu ndani, mama, nisome sasa hivi?"

"Umekula?" nikamuuliza.