Mlango wa Nyuma Kushoto

Mniko hakuwa mtu wa kusahau. Akisikia watu wameitwa walete kitu uwanjani, hangoji kuambiwa kinaitiwa nini. Baba yake aliwahi kuitwa apeleke ng'ombe joshoni wakapate chanjo. Waliingia wengi, wakatoka wachache, na aliyeuliza aliambiwa hajui kuhesabu. Baadaye zikaitwa pikipiki zikaguliwe. Zilifungiwa nyuma ya ua mpaka nyasi zikaota katikati ya tairi.

Kwa hiyo siku gari la matangazo lilipopita Nyamisangura, mjini Tarime, spika juu, likisema kwamba magari madogo ya aina fulani yaliyoingia nchini yakiwa mitumba yana kasoro kwenye vitasa vya milango, na kwamba wenye nayo wayapeleke yadi ya wakala wakabadilishiwe bure, Mniko alipanda juu ya boneti ya gari lake pale stendi. Aliwauliza madereva wenzake swali moja tu: ni lini mtu aliwahi kuwaita akawapa kitu cha bure?

Hakuna aliyekumbuka. Wakacheka, wakapiga honi, wakakubaliana kwamba hakuna gari litakalokanyaga ile yadi. Sadock peke yake aliendelea kuchokonoa meno. Yeye na Mniko walikuwa wakipeleka abiria njia moja, ya Serengeti. Asubuhi moja gari lake halikuonekana stendi, na mtu akaleta habari kwamba limeonekana yadi. Mniko alisema mbele ya wote kwamba Sadock amekwenda kupigwa chapa kama ndama, na watu walicheka tena.

Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba mlango wa nyuma kushoto wa gari lake ulikuwa umeshaanza kufunguka wenyewe. Alikuwa na dawa yake. Kila safari alinyoosha mkono juu ya mapaja ya abiria wa pembeni, akaufunga mlango kwa mpira wa tyubu hadi kwenye chuma cha kiti, kisha akamwambia asiuegemee. Alikuwa akisema kwa utani, kana kwamba mlango ni bibi harusi, na abiria alikuwa akicheka na kukaa wima mpaka anashuka.

Asubuhi hiyohiyo ya Sadock kwenda yadi, mke wa Mniko, Veronika, alimpigia simu kutoka hospitali, ambako alikuwa amejifungua. Mama yake Veronika alikuwa amekuja kumwona mjukuu, sasa anarudi Nyansurura. Siku zote mama huyo alisafiri na Sadock, kwa sababu kwa Wakurya mkwe na mama mkwe wanaoneana haya: hawatazamani, hawagusani, hawakai kiti kimoja, na neno la mmoja humfikia mwenzake kwa kinywa cha mtu wa tatu. Lakini Sadock hakuwapo, na mama hakutaka ng'ombe wake walale bila kukamuliwa. Veronika alisema atapanda la Mniko, hamna jinsi.

Mama alikuja amejifunika kanga hadi kwenye paji la uso. Mniko alishuka, akasimama upande wa pili akiangalia tairi mpaka mama alipoingia. Naye mama alifanya kama mtu mwenye adabu zake: alikwenda kukaa mbali kabisa na dereva, kwenye pembe ya nyuma kushoto. Akavuta mlango. Ulilia ta, kama mlango mzima.

Mniko aliusikia mlio huo. Asingeweza kunyoosha mkono juu ya mapaja ya mama mkwe wake afunge mpira. Hilo mtu yeyote wa kwao angemwelewa. Ila kulikuwa na abiria wengine. Mbele alikaa Maduhu, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu Nyamongo, sasa anakwenda Mugumu kumtembelea kaka yake. Katikati nyuma walikaa wanawake wawili wenye mizigo ya nguo. Angemwambia mmoja wao, "Mfungie mama huo mpira, kitasa kimelegea." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini mmoja wa wale wanawake alikuwa mke wa dereva mwenzake, na maneno yangefika stendi kabla ya jioni: Mniko gari lake bovu, na alijua.

Akawasha gari.

Kwa heshima alikigeuza kioo cha katikati kikatazama dari, asije akakutana macho na mama. Wale wanawake wawili walishuka Nyamongo, wakamwacha mama peke yake nyuma, na Mniko akaiona nafasi nyingine ya kusema ikishuka nao. Maduhu aligeuka akaangalia nyuma.

"Shikamoo mama. Mimi nimenyoosha miguu huku kama mkuu wa wilaya, wewe umejikunja kwenye kona. Si uje mbele?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo hapo, usinitafutie balaa."

"Basi sogea katikati upate hewa."

"Hapa pananitosha."

Maduhu alimtazama Mniko, akaelewa, akacheka taratibu. Alisema hata kwao Usukumani wakwe wanaogopwa, lakini si mpaka mtu aendeshe na kioo kinachotazama mbinguni. Mniko naye alicheka. Huyu hapa mtu wa tatu, mwenye mdomo mwepesi, anayengoja tu kupewa neno alipeleke nyuma. Alijiambia watakapofika darajani atamwambia.

Hawakufika darajani. Kwenye mteremko wa kwenda mto Mara barabara ilikuwa imechimbwa na mvua. Gari lilipiga shimo, likainama kushoto, na upepo ukaingia ndani ghafla. Maduhu alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mama hayupo.

Alikuwa kwenye changarawe nyuma yao, kanga imemtoka kichwani, mkono mmoja chini ya mwili. Mniko alimfikia wa kwanza. Akasimama. Mikono ilikuwa mbele yake, wazi, na haikwenda popote. Nywele za mama zilikuwa nyeupe kabisa, hakuwahi kuziona. Alisimama hivyo mpaka Maduhu alipofika, akainama, akamwambia amshike miguu, au anangoja nani. Akaishika. Mama alifumba macho, na Mniko alijua si kwa maumivu peke yake.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza imekuwaje. Maduhu alifungua kinywa, lakini Mniko alimwahi. Alisema mama hakuufunga mlango vizuri. Watu wazima, alisema, hawajazoea haya magari. Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Maduhu alichukua begi lake akaenda kutafuta pikipiki ya kumfikisha Mugumu, hakuaga. Kati ya Mniko na kitanda cha mama kulikuwa na pazia tu.

Mkono ulikuwa umevunjika, na nyonga imepigwa, ila haikuvunjika. Veronika alifika siku iliyofuata, mtoto mikononi. Aliingia nyuma ya pazia, akakaa sana. Alipotoka hakumtazama mumewe.

"Mama anasema, mwambieni mkwe wangu mlango niliufunga."

Akangoja.

"Na anasema aliusikia ukitikisika njia nzima. Alinyamaza kwa kukuheshimu."

Mniko aliwahi kushikwa, akapigwa, akawekwa ndani kwa ajili ya maneno yake, na kila mara alitoka kifua mbele. Siku hiyo alikosa mahali pa kuweka uso. Waliomlia baba yake ng'ombe walimlia kweli, hilo halikufutika. Lakini hawakuwamo garini. Aliyekuwamo ni yeye.

Alirudi Tarime mchana, stendi imejaa. Mmoja alimpigia kelele kwamba shujaa karudi. Hakupanda boneti. Alisimama chini, karibu na ule mlango, akawaambia kwamba ulikuwa mbovu tangu kabla ya tangazo, kwamba alijua wakati anawazuia, na kwamba mama mkwe wake ameanguka kutoka humo. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza, polepole, kwa nini hakusema mapema, wakati wao wote wanabeba watu. Mniko akaingia garini, akaenda yadi, nao wakamtazama mpaka alipokata kona. Nyuma yake magari mawili yaliwashwa.

Fundi alibadilisha vitasa vyote kwa muda wa kunywa chai. Cha zamani cha mlango ule alimpa mkononi. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani.

Mama aliporuhusiwa, Mniko alilileta gari hadi mlangoni pa kituo. Alikuwa ameliosha. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, akaurudisha, akaufungua tena ili wausikie, kisha akaenda kusimama upande wa pili akiangalia tairi.

Alisikia hatua, na sauti ya Veronika, halafu mlango ukifunguliwa, lakini si wake. Alipoinua macho, Sadock alikuwa anamweka mama vizuri kwenye kiti cha gari lake, mkono wenye plasta juu ya mto. Sadock hakusema neno la kejeli, na hilo liliuma kuliko kejeli.

Gari la Sadock liliondoka. Mniko aliufunga mlango wake mwenyewe, akalifuata kwa mbali hadi Nyansurura, viti vitupu, kioo kikitazama dari.