Jumamosi ya Mheshimiwa Okech

"Mwambie! Mwambie usoni!" Leokadia alikuwa ameziba mlango wa chumba cha kufulia, kapu la shuka kiunoni. "Si yeye aliyesema tulieni, barua imekwenda kwa waziri?"

"Dada Leo, niache nikunje nguo," Vénantie alisema.

"Nguo za nani? Za mdogo wako, anayerudishwa Bujumbura Jumatatu! Rufaa ilikuwa na wiki tatu tu. Mheshimiwa wetu akazikalia kama kuku na mayai."

Okech alikuwa palepale pa kila Jumamosi, kwenye benchi kati ya mashine mbili, tai shingoni. Mtaa mzima wa Tensta ulijua habari zake, na zile usizozijua uliziongezea. Kwamba huyu mtu wa Kisumu aliendesha basi Uingereza, akapanda kupitia chama cha wafanyakazi mpaka akaingia Bungeni London, muhula mmoja, benchi la nyuma kabisa. Kwamba mkewe alimwacha wiki aliyoshindwa uchaguzi. Wengine walisema kabla. Kwamba bintiye Malaika, mhandisi huko Kista, mtaa jirani, ndiye aliyemchukua akamleta Stockholm, ambako hakuna aliyewahi kumpigia kura wala kumnyima.

Kule jimboni, Jumamosi alikaa ukumbi wa maktaba watu wakamletea shida zao: nyumba yenye ukungu, pensheni iliyokwama, viza ya mama. Alimwandikia waziri, na waziri humjibu mbunge. Mambo yalikuwa hivyo. Hapa alikosa ukumbi, akachukua chumba cha kufulia. Mashine ikizunguka, mtu hana pa kwenda, ataongea tu.

Ndipo Vénantie alipomletea karatasi ya kukataliwa ukaazi ya mdogo wake Anicet. Anicet alisafisha ofisi huko Kista na kuimba kwaya Jumapili, hana ugomvi na mtu. Okech akasema neno lake la zamani: "Niachie mimi." Wakamwachia. Hata wakili waliyekwisha kumpata, wakamwambia asubiri kwanza. Jibu la waziri lilikuja na adabu zake zote: Sweden waziri haruhusiwi kugusa faili la mtu mmoja. Lilikuja rufaa ikiwa imeshafungwa.

Angeuliza kwanza sheria za hapa. Hilo ndilo lililomuuma. Angemuuliza hata Leokadia, anayejua nani ana mimba kabla ya mwenye mimba. Lakini mbunge huulizwa, kuuliza hakukuzoea.

"Nitaandika tena," alisema sasa. "Nina rafiki London, bado yuko Bungeni, labda..."

"London!" Leokadia alicheka bila furaha. "Baba wee, si walishakutoa? Kura zilihesabiwa!"

Mashine ya kukaushia ilimaliza. Vénantie alikunja shati la mwisho, akalipigapiga kifuani kana kwamba limevaliwa. Okech akafungua tai, akaiviringisha, akaitia mfukoni.

"Jumamosi ijayo sitakaa hapa."

Vénantie akalitia shati kapuni.

Lifti ilikuwa mbovu. Okech alimbebea Vénantie kapu, akipumzika kila kona ya ngazi, mbele yao Leokadia akipanda na shuka zake na maneno yake. Mlango wa Vénantie ulikuwa wazi: viatu vimerundikana, wimbo wa kanisani, harufu ya sombe, kisamvu kilichoungwa mawese. Watu walikuwa wakija kumuaga Anicet tangu asubuhi, na Leokadia alishazama ndani. Sauti yake ilisikika jikoni ikidai chumvi. Vénantie akaingia.

Okech akaliweka kapu kizingitini, akageuka.

"Muzee."

Anicet alikuwa amesimama na soksi tu miguuni, mrefu, macho mekundu.

"Anicet, mimi..." Aliwahi kuhutubia Bunge zima, wakimzomea, na hakupotewa na neno. Sasa akazikazia macho zile soksi.

Anicet aliinua kapu. Nyuma yake sanduku la safari lilikuwa wazi katikati ya korido, limeziba njia. Akalisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

"Toa viatu, muzee, uingie. Sombe iko kwa meza."