Kisogo cha Mwanamke wa Udongo

"Hiyo ni kofia," Wifi alisema, na saluni nzima ikanyamaza ili ubishi usikike vizuri.

Kilichoitwa kofia kilikuwa kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya kioo. Picha ya mwezi ule ilikuwa kichwa cha mwanamke kilichofinyangwa kwa udongo, kikachimbuliwa kwenye magofu ya mji wa kale. Magofu yenyewe kila mtu mle ndani aliyajua kwa jina, na hakuna aliyewahi kuyakanyaga. Mwanamke wa udongo alikuwa anatazama mbele, midomo kaibana kama mteja anayesukwa kwa nguvu akaona haya kusema. Kutoka utosini mwake mistari iliteremka mpaka kwenye paji la uso, na kila mstari uliishia kwenye kifundo kidogo kama punje ya mtama.

Vile vifundo ndivyo vilivyomfanya Msusi aache kichwa cha watu katikati.

"Wifi, tazama vizuri. Huo ni Mto Kupanda."

"Kama huo ni Mto Kupanda, basi mimi ni twiga."

Wanawake hawa wawili walikuwa na saluni moja. Msusi aliolewa na kaka yake Wifi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa wifi wa mwenzake. Lakini mtaa mzima ulimwita yule mkubwa Wifi, kana kwamba kaka yake alioa mtaa. Wifi alishika mawigi, rangi na maneno. Msusi alishika kusuka.

Na katika mitindo yote iliyobandikwa kwenye ubao wa picha pale mlangoni, mtindo ambao Msusi aliupenda kama mboni ya jicho ni Mto Kupanda. Mitindo mingine huanzia mbele kurudi nyuma. Huu ulianzia chini kabisa ya kisogo, kwenye kiduara kidogo kinachoitwa chemchemi, ukapanda, ukavuka utosi, ukaja kumalizikia mbele kwa vifundo. Alifundishwa na bibi yake aliyemlea. Kila alipomaliza kumsuka, bibi alikuwa anasema, "Huu si wangu, mjukuu wangu. Nimeukuta. Na walioniachia nao waliukuta."

Wifi alikuwa na maelezo yake, na hakuyaficha kwa wateja.

"Jamani, bibi yake alikuwa anamsuka mtoto huyu, mtoto anasinzia. Kichwa pwaa, mapajani! Bibi anaona nini? Kisogo. Akaanzia hapo hapo, basi. Ndiyo huo mto wenu. Usingizi wa mtoto mmekuja kuubatiza jina."

Watu walicheka, hata Msusi alicheka. Kilichomchoma ni kwamba maneno yenyewe yalifanana na kweli. Alikuwa anasinzia sana.

Siku hiyo Wifi hakuishia kwenye kucheka. Alikuwa anautaka ubao ule kwa ajili ya mawigi mapya, na Mto Kupanda, alisema, unakula siku nzima kwa kichwa kimoja. "Tuutoe. Ni mtindo wa bibi mmoja na mjukuu mmoja."

"Na huyu je?" Msusi alinyoosha chanuo kwenye kalenda.

"Huyu kavaa kofia."

"Sawa. Twende magofuni anakowekwa, tukamtazame nyuma. Pale chini ya kisogo kutakuwa na kiduara. Mto lazima utoke mahali. Kisipokuwepo, picha ya Mto Kupanda nitaibandua kwa mkono wangu mwenyewe. Kikiwepo?"

"Kikiwepo," Wifi akasema, akiwatazama wateja mmoja mmoja kama mtu anayeogelea kwenye sifa, "mimi nitakaa kwenye kiti, nivue kitambaa, unisuke huo mto wako."

Mle ndani palitokea mguno. Wifi hakuna aliyewahi kumgusa nywele. Asubuhi wigi, jioni kitambaa, na ukimuuliza anakujibu kwamba kinyozi hajinyoi.

Basi safari ikaanza kupangwa, na ilipangwa pale pale, kwa sababu mteja anayesukwa hana pa kukimbilia na kazi yake ni kutoa ushauri.

"Mnapanda basi kubwa mpaka njia panda," alisema Mwalimu, mstaafu mwenye mvi nzuri nyeupe. "Pale mnashuka, mnatafuta gari dogo linaloingia magofuni."

"Kumbe umeshafika!"

"Nilifika njia panda. Njia panda naijua vizuri sana. Gari dogo haliondoki mpaka lijae, na siku za kazi nani anakwenda magofuni? Nilikaa nikala karanga zangu, nikala na za dereva, jua likageuka, nikarudi nyumbani."

"Sisi tutakwenda Jumatatu," Msusi akasema. Jumatatu wasusi hupumzika.

Mwalimu akamtazama kwa huruma kwenye kioo. "Jumatatu pale pamefungwa."

Wifi alipiga makofi. "Hata mwanamke wa udongo Jumatatu anapumzika! Nimekubali, huyo kweli ni msusi mwenzetu!"

Ikabaki Jumanne, lakini Jumanne Mkunga alikuwa ameahidiwa kichwa chake. Mkunga alikuwa mteja wa shida: kila akikaa kitini simu inalia, mtoto anataka kutoka, naye anaondoka mbio nywele nusu. Jumatano ilikuwa ya Mama Genge, muuza mboga wa mlango wa pili, ambaye ukimwahirisha anakuuzia nyanya zilizolala. Kila siku ilikuwa na kichwa chake, na kila gari dogo lilikuwa na njia panda yake ya kusubiri. Wifi alikaa akipiga mluzi na kuutazama ubao, tayari anapima mawigi yatakaa wapi.

"Ukifunga saluni siku ya kazi," akasema, "hawa wateja waende wapi?"

Msusi alikuwa na vidole ndani ya nywele za Mama Genge, akimfumua ili Jumatano amsuke. Vidole vikasimama.

"Waende na sisi," akasema.

"Nani?"

"Wao wote! Mwalimu, gari dogo linataka nini ili liondoke?"

"Lijae."

"Basi tutalijaza sisi. Wateja wetu wa Jumatano ndio abiria wetu wa Jumatano. Hakuna kichwa kitakachokosa msusi, na hakuna dereva wa kutuweka juani."

Mama Genge akageuka ghafla, akaumia, na hakujali. "Niandike mimi na dada yangu! Nyanya zitajiuza."

Kufika jioni gari lilikuwa limejaa, ingawa dereva wake hakuwa na habari. Wifi alinuna, halafu akajiandikisha na yeye. "Lazima niwepo. Mkirudi na uongo nani atausahihisha?"

Jumatano asubuhi walikutana stendi. Mkunga alifika wa mwisho, kutoka kazini moja kwa moja, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama wima kama umesikia habari mbaya.

"Mapacha," alisema. Hakuhitaji kueleza zaidi.

"Usijali," Msusi akapiga kipochi chake begani. "Uzi ninao, chanuo ninalo, kioo ninacho. Tutamalizia huko huko."

Pale njia panda dereva wa gari dogo alikuwa amelala kwenye kiti chake, miguu nje ya dirisha. Mwalimu akamgonga unyayo.

"Mpaka lijae, mama," akajibu bila kufumbua macho.

"Hebu hesabu."

Akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Akashusha miguu, akatafuta viatu vyake, akavivaa kinyume. "Mnatoka wapi ninyi?"

"Saluni," walijibu kwa sauti moja, wakapanda. Mwalimu alikaa mbele kabisa, na gari lilipoiacha njia panda aligeuka nyuma akaipungia mkono kama mtu anayemuaga mgonjwa aliyepona.

Magofu yaliwapokea kimya kimya. Kuta za mawe zilizopoteza mapaa, vichochoro ambavyo sasa vinapitwa na mijusi tu, na kizingiti kimoja kilicholika katikati kwa miguu ya watu waliokuwa wanaingia na kutoka wakiwa na shughuli zao. Mama Genge alisimama kwenye uwanja mdogo wenye pembe nne, akauangalia sana, akasema hapa ndipo mboga zilipouzwa, kivuli cha asubuhi kiko upande mzuri. Hakuna aliyembishia. Lakini Msusi hakuwa na macho ya kuta. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuelekea kwenye chumba cha maonyesho.

Mwanamke wa udongo alikuwa ndani ya kabati la kioo pande zote. Alikuwa mdogo kuliko walivyodhani, kama embe kubwa. Na kabati lilisukumwa mpaka ukutani, yeye akiwa ameupa ukuta kisogo.

Halafu kicheko cha Wifi kikaanza chini kabisa, kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Safari yote hii! Tumekuja kutazama kalenda!"

"Kaka," Msusi alimwambia mtunza maonyesho, kijana mpole mwenye funguo kiunoni, "halisogezwi kidogo?"

"Samahani, dada. Kabati siruhusiwi kuligusa, na ufunguo wake uko makao makuu. Mimi mwenyewe tangu nianze kazi sijawahi kumwona nyuma."

Msusi akakaa kwenye benchi. Alimwona bibi akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, anasema nimeukuta, nimeukuta. Na alijiona mwenyewe kesho, mlangoni, anabandua picha.

Mkunga akakaa kando yake, akishika ule upande uliosimama. "Pole, mwaya. Lakini na mimi watu wananitazama kuliko huyo wa kabatini. Hebu nipe hicho kioo nione nimekaaje huku nyuma."

Msusi akaingiza mkono kwenye kipochi, akatoa kioo cha mkono. Kile kile anachokishika nyuma ya kila mteja akishamaliza, maana mtu ana haki ya kuona kisogo chake. Akakishika hewani. Hakumpa Mkunga.

"Kaka," akasema polepole, "kati ya kabati na ukuta pana upenyo?"

"Wa kupita kiganja."

"Kioo kikipita pale, bila kugusa kabati, ni kosa?"

Kijana akafikiri sana, akafanya kama anazisoma kanuni zote darini. "Kanuni inakataza kugusa kabati," akasema mwishowe. "Haikatazi kumwonyesha mtu kisogo chake." Na yeye mwenyewe akawasha tochi ya simu.

Msusi akapitisha kioo nyuma, akakiinamisha kama anavyokiinamisha kila siku. Hakutazama.

"Wifi, njoo. Tazama wewe kwanza."

Wifi akainama, pua karibu na kioo cha kabati, akatafuta pembe. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni. Kikafifia. Akasogea kulia, akarudi kushoto. Wanawake wote walikuwa wameacha kupumua, na kijana mwenye funguo pia.

"Sema, Wifi."

"Subiri."

"Kofia ina nini?"

"Chemchemi," Wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. Halafu kwa sauti yake yenyewe: "Jamani, chemchemi! Kiduara hiki hapa, na mistari inapanda! Bibi wa watu hakusema uongo!"

Chumba kililipuka. Vigelegele viligonga kuta, Mwalimu akamkumbatia kijana na funguo zake, na ikabidi wapange mstari ili kila mmoja aone. Msusi alitazama wa mwisho. Aliona kiduara kile cha mkono anaoujua, akasema tu, "Bibi," na machozi yakamtoka huku anacheka.

Waliporudi njia panda basi kubwa lilikuwa bado. Wifi alikaa kwenye benchi, akalishika fundo la kitambaa.

"Si ulisema kwenye kiti cha saluni?" Msusi akauliza.

"Nikilala nalo nitaghairi. Fanya."

Kitambaa kikatoka. Mbele, pale wigi linapobana kila siku, nywele zilikuwa zimekwisha, ngozi inang'aa. Msusi alikwenda nyuma yake, akaanza chini kabisa ya kisogo.

"Mto huu hauvuti mbele," akasema. "Na haulazimishwi kufika. Nywele zinapoishia, ndipo tunapofunga fundo."

Walikuwa hawajafika utosini basi likatokea. Wifi akakitazama kitambaa, akakisukumia ndani ya kipochi, akapanda basi nusu kichwa, kidevu juu. Nyuma yake akapanda Mkunga, nusu kichwa naye.

"Mama zangu," kondakta akauliza, "huko mtindo wake ni huo?"

"Mtindo wa kale, mwanangu," Wifi akamjibu. "Wewe hujauzoea. Kata tiketi."

Akakaa dirishani, akamgeuzia Msusi kisogo. "Endelea. Na ole wako unibane."

Msusi akaendelea. Basi lilikuwa linayumba taratibu, jua limeingia upande mmoja, na baada ya muda kichwa cha Wifi kikaanza kuwa kizito. Kikainama, kikainama tena, mwisho pwaa, mapajani mwa Msusi. Kisogo chote kikabaki wazi, juu, kinangoja.

Msusi akawaonyesha wenzake kwa kidole, akaweka kingine mdomoni wasicheke kwa sauti, akachukua mstari uliofuata.