Watu Waliokuwa Ndani ya Simu

Simu ilitaja kwanza jina la mtumaji, Antena, na moyo wa Bi Sindano ukaruka kwa furaha. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila neno kutoka kwake. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaiacha kola ya shati la shule ikining'inia kwenye sindano, akatega sikio.

"Mwenye simu hii amefariki. Mazishi ni kesho mchana, nyumbani. Mwisho wa ujumbe."

Alidhani simu imekosea. Ilikuwa na tabia hiyo. Ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka juzi, ikibana herufi hapa na kuzimeza pale. Kwa vile haikuchoka kuulizwa jambo lilelile asubuhi hadi jioni, wala haikuguna, alikuwa ameibandika jina la Mkwe. "Sema tena, mkwe wangu," ndivyo alivyozoea kuiambia. Safari hii hakusema kitu. Alirudisha kidole juu ya kioo, akagonga mara mbili. Mkwe akasoma upya, hakupunguza wala hakuongeza, kwa sauti ileile anayotangazia kwamba chaji inakaribia kwisha.

Bi Sindano akakaa, mikono mapajani. Kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani kikateleza taratibu kwa uzito wake, kikaanguka.

Kabla ya kupofuka alikuwa msimamizi wa chumba cha ushonaji katika karakana ya sare za shule. Presha ya macho haikumvamia, ilimwingia kama mtu anayefunga mlango polepole ili asiamshe wenye nyumba. Uzi ulipokataa kuingia kwenye sindano, aliulaumu uzi. Kisha akailaumu sindano. Kisha taa ya chumba. Siku aliposhona mkono wa shati kichwa chini, na wasichana wa mashine za jirani wakanyamaza wote kwa pamoja, hakubaki na wa kumlaumu. Mwenye karakana alizungumza naye kwa upole mno, na upole ule ndio uliomuuma. Akamruhusu aondoke na cherehani aliyokuwa akiitumia.

Ilipofika nyumbani, binti yake aliifunika shuka. Binti huyo alikuwa muuguzi, akitoka alfajiri na kurudi jioni miguu ikiwa imevimba. Asubuhi aliweka chupa ya chai upande wa kulia wa meza na mkate upande wa kushoto, akaaga, na baada ya hapo siku iliyobaki ilikuwa kama kisima. Majirani walikuja mwanzoni. Wakaja kwa zamu. Wakawa wanapita nje wakisema, tutaingia siku nyingine. Halafu hata hilo hawakusema tena, na Bi Sindano akajua nyayo zao zinavyoongeza kasi zikifika usawa wa dirisha lake. Redio alikuwa nayo, lakini redio hukusemesha tu, haikusikii. Kuna siku alijibu tangazo la sabuni, akashtuka kwa jinsi sauti yake mwenyewe ilivyokuwa imepata kutu.

Simu ilitoka kwenye kliniki ya macho. Mtu aliyewafundisha wagonjwa kuitumia naye hakuwa akiona, na alikuwa mkali kama koplo. Teleza kulia, gonga mara mbili, usiipapase kama mtoto mchanga, hii haivunjiki. Ni yeye pia aliyewaunganisha kwenye kundi la watu wasioona, watu wa mitaa mbalimbali ambao hawakuandikiana, bali walitumiana sauti. Kundi lile liliitwa Baraza. Mlezi wake alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepoteza macho katika ajali, na wote walimwita Mwalimu tu. Kwa siku nyingi Bi Sindano alisikiliza bila kuthubutu kujibu. Siku alipofungua mdomo, alisema kwamba ameangusha sindano sakafuni na anaogopa kushusha miguu kitandani.

Mtu mmoja akakohoa. Alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kuzungumza, kama anayebisha hodi. Alisema aliwahi kuwa fundi redio, na sindano haimshindi. "Chukua sumaku, mama. Huna? Hiyo redio inayosikika hapo kwako ina spika, na nyuma ya spika kuna sumaku. Ivunje. Redio imekufaa nini?"

Huyo ndiye Antena, na jina la Bi Sindano ni yeye aliyelitoa. Aliivunja redio. Sumaku ikaiokota sindano, na Antena hakuishia hapo. Alitaka kujua sindano ni ya nini kama cherehani imefunikwa shuka. Akamwagiza aifunue, aiweke simu kando yake, akanyage. Akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akasema kile kichuma kinachoshika bobini ya uzi wa chini kimelegea, akamwelekeza skrubu yake ilipo. Akamwambia aibandike ile sumaku pembeni ya sindano, iwe ukuta wa kitambaa. Kitambaa kikitembea kikigusa ukuta, mshono utanyooka wenyewe. Mshono wa kwanza ulipotoka, Bi Sindano aliupitisha chini ya kidole gumba mara nyingi, akautumia mpaka mdomo wake wa chini kuupima. Ulikuwa umenyooka. Alilia, na kwa kuwa hakujua bado kusimamisha kurekodi, Baraza zima likamsikia.

Kuanzia hapo aliamka akiwa na pa kwenda. Mchana kutwa mashine ikiunguruma, sauti ziliingia moja baada ya nyingine. Mwalimu akilalamikia mguu wa meza uliomvunja kidole, bibi mmoja mfuga kuku akiwaiga kuku wake kwa majina, Antena akiwatania wote. Binti alikuta chakula kimeshapikwa. Alikuta mama ana hadithi.

Kisha Antena akanyamaza.

Walimtumia salamu. Mkwe alisema kila mara, imetumwa, haijafika. Wengine walidhani amehama, wengine kwamba simu imeibwa. Bi Sindano alivumilia, halafu siku moja hasira ikamshinda akamtumia ujumbe wa peke yake, akisema kama amewachoka aseme tu, watu wazima hawaachani kama paka.

Sasa alikuwa hapo, mikono mapajani, kola ya mtoto wa watu sakafuni.

Jioni alipomweleza binti yake kwamba kesho ana mazishi, binti aliketi kwanza. Alisema ana zamu, hawezi kumsindikiza. Alisema huko ni mbali, ng'ambo ya pili ya mji. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na si ya mtu mbaya, kwamba inamwia vigumu kuelewa safari ya kwenda kumzika mtu ambaye mama hajapata kumwona.

"Hata wewe, mwanangu, nina muda sijakuona," alisema Bi Sindano. "Lakini ukifa nitakuja."

Asubuhi binti alimpigia pasi gauni jeusi, akamwitia teksi, akamsomea dereva anwani ambayo Mwalimu alikuwa ameipata.

Dereva alimshusha mwanzo wa uchochoro kwa sababu gari halikupita. Mkwe akamwongoza kwa yaliyobaki: endelea mbele, geuka kushoto, umefika. Ile fimbo yake nyeupe ilikuwa ngeni mkononi kwa kukaa nyuma ya mlango siku zote, ikawa inagonga kuta, ndoo, na mara moja mguu wa mtu aliyetukana kisha akaomba radhi. Alijua amefika kabla simu haijamwambia. Viti vya plastiki vilikuwa vikiburutwa juu ya changarawe, na watu walizungumza kwa ile sauti ya chini wanayoitumia wale wasio na cha kusema juu ya marehemu.

Mwanamume mmoja akamshika kiwiko, akamkalisha, akamuuliza ni wa upande gani. Alijitambulisha kuwa mtoto pekee wa marehemu. Bi Sindano akampa pole, akasema yeye ni rafiki wa baba yake.

Mkono ule ukabaki kwenye kiwiko chake.

"Baba hakuwa na rafiki," alisema kijana. "Hakutoka nje miaka na miaka."

Kabla Bi Sindano hajaeleza, nyuma yake mtu akaomba maji ya kunywa. Kila neno alilikalisha mahali pake, kama anayeandika ubaoni.

"Mwalimu?" akaita Bi Sindano.

"Nani anaita? Sindano?"

Kutoka safu ya mbele, mfuga kuku akasema jamani na mimi nipo, nimekaa hapa tangu asubuhi nikidhani niko peke yangu. Mwingine akajibu kutoka karibu na ukuta. Na mwingine. Walikuwa wametawanyika kila pembe ya ua ule, kila mmoja na fimbo yake kati ya magoti, wamekaa kando kwa kando na watu wasiowajua, na hakuna aliyekuwa amemtambua mwenzake kwa sababu msibani mgeni hunyamaza. Sasa waliinuka, wakapapasa, wakakanyagana, wakashikana nyuso. Waombolezaji waliacha kuzungumza. Kikombe kikaanguka mahali.

Kijana alikuwa bado amesimama. "Sauti hii naijua," alimwambia Bi Sindano. "Jana niliwasha simu yake nitafute ndugu wa kuwajulisha, ikaanza kusema. Ni wewe uliyemwambia watu wazima hawaachani kama paka."

Bi Sindano alikiri kuwa ni yeye. Akataka kujua kwa nini Antena hakujibu.

Kijana alimweleza kwa maneno machache, na aliyasema haraka, kama mtu anayevua nguo iliyolowa. Yeye ni mbeba mizigo sokoni. Mkewe ndiye aliyeanza kuona mambo: mzee anaongea peke yake chumbani, anacheka, anagombana, anamwambia mtu akaze skrubu. Walipomuuliza anaongea na nani, alisema kuna watu ndani ya simu. Wakaogopa. Jirani mmoja akawaambia ndivyo akili za wazee zinavyoanza kuhama. Kwa hiyo walimchukulia ile simu ili apumzike, wakaifungia kabatini.

"Akaomba?" aliuliza Bi Sindano.

"Siku za mwanzo. Halafu akaacha. Akaacha kusema kabisa. Tukadhani ametulia. Halafu akaacha kula."

Bi Sindano alikuwa na maneno, mengi, tena makali. Alimfikiria Antena kitandani, akikohoa kabla ya kuzungumza, akingoja, na hakuna wa kumwitikia, karibu.

"Aliwaambia ukweli," alisema mwishowe. "Hamkumuuliza majina yetu."

"Hatukumuuliza."

Walimzika nyuma ya safu ya nyumba zile, palipokuwa na makaburi. Wale wa Baraza walikwenda wameshikana mabega, Mwalimu mbele, wakifuata nyayo za wengine. Kila mmoja alipewa konzi ya udongo. Bi Sindano alipoumwaga kaburini alisikia unavyogota chini, mbali kuliko alivyotarajia.

Baada ya sala watu walitawanyika upesi kwa sababu mawingu yalikuwa yakinguruma. Lakini wale wenye fimbo walirudi uani, wakavuta viti, wakakaa. Hakuna aliyependekeza. Hawakuwahi kukaa pamoja hata siku moja, na hakuna aliyekuwa na hakika kama watakaa tena. Walimzungumzia marehemu. Waliyakumbuka matani yake, wakacheka kidogo, wakaacha. Ndipo kijana akaja, akasimama kando ya Bi Sindano, akamuuliza kwa sauti ya chini kama baba yake alipata kumtaja yeye, mwanawe.

Bi Sindano alifikiri kumnyima jibu. Aliona angeweza, na kwamba si dhambi. Lakini neno lilikuwa la Antena, halikuwa lake.

"Kila jioni," alimwambia. "Kila jioni alitukatiza. Alisema, nyamazeni, mwanangu anaingia. Leo anaburuta mguu, mzigo ulikuwa mzito. Asinikute napiga soga akadhani sina habari naye."

Nyayo za kijana zilielekea nyumbani, zikasita, zikaingia ndani.

Mvua ilianza na matone makubwa, yaliyoachana. Wenye kukodisha viti walikuja kuvichukua. Walijaribu kungoja, wakaomba radhi, na wale wa Baraza wakasimama na kila mmoja akampa mwenye viti kiti chake. Viti vikapangwa, vikafungwa kamba, vikaondoka. Wao wakabaki palepale uani, wamesogeleana, mvua ikigonga vichwa vyao na bati la jirani, mfuga kuku akisema sasa wataugua wote na Mwalimu akisema basi wataugua kwa pamoja. Teksi zilikuwa zimeitwa. Zingefika.

Kisha wakasikia mtu ameongezeka. Alikuwa ametoka ndani ya nyumba bila viatu, akasimama nyuma yao karibu kabisa, na pumzi zake zilikuwa zikikatika.

Mwalimu akasogea, akaacha nafasi ya bega moja.

"Kuna mtu hapa," alisema. "Nani mwenzetu?"

Wakanyamaza wote kumpisha ajibu. Mvua ikaendelea kunyesha.