Kishimo cha Kifundoni

Kwa wiki mbili mwanafunzi alikuwa akiukodolea macho mfupa wa muundi wa mtu wa kale, uliokuwa na kishimo laini karibu na kifundo cha mguu. Mwishowe akaandika: ugonjwa.

Siku hiyo mama yake, fundi wa vigae, alipita maabarani kumletea funguo. Akachuchumaa kama alivyozoea kazini, akautazama mfupa na neno lile, akauliza, “Huyu aliumwa nini, mwanangu?”

“Sijui, mama. Hapa pamelika.”

“Mbona mimi nikichuchumaa, hapohapo ndipo mifupa inapobanana?”

Mhadhiri aliyekuwa pembeni akacheka. “Mama amekumaliza. Si ugonjwa, ni alama ya kuchuchumaa kwa miaka mingi.”

Mwanafunzi akalifuta neno lake, akachuchumaa naye ajaribu. Dakika ya tatu akapiga matako chini, mama akamvuta mkono, wote hoi kwa kicheko.