Chepkong'o ya Baba Haichomwi

Mzee Gibson aliposimama kanisani kutangaza kwamba Jumamosi, siku moja kabla ya kufungua kanisa jipya la mawe, kila mtu alete vitu vya kale vichomwe, alinitazama mimi. Sikuinamisha kichwa. Wote walijua kwamba juu ya meko ya mama yangu, pale moshi unapopita, inaning'inia chepkong'o ya marehemu baba yangu Jonah: nyuzi sita za mishipa ya ng'ombe na ngozi iliyowambwa juu ya bakuli la mti. Na nilikuwa nimeshasema kwamba Jumapili kwaya yetu ya akina mama itaimba na hiyo chepkong'o, si na gita la kuazima.

Mimi nikisema nimesema. Hapa kwetu Litein watu huniita Fancy Kichwa Ngumu, na wakidhani wananitusi wanapoteza pumzi.

"Hiyo kitu ilikuwa ya pombe," Mzee Gibson aliniambia nje, ibada ilipokwisha. "Wazee wanakaa na mirija kwa mtungi, hiyo inalia. Sasa unataka kuingiza kwa nyumba ya Mungu?"

"Haikunywa, mzee. Walikunywa watu."

"Na tena wewe ni mama. Umeona wapi mama akipiga chepkong'o?"

"Utaona Jumapili."

"Ilete Jumamosi, Fancy. Iende na zingine."

"Nitaleta. Lakini nitaipiga kwanza, watu wasikie ni nini mnachoma."

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza, hakuweza kukataa. Dorcus, jirani yangu aliyekuja kutoka upande wa ziwa na mumewe fundi wa kiwanda cha chai, alinishika mkono tukienda nyumbani. "Kwetu nyatiti, ndugu ya hiyo chepkong'o yako, inalia mpaka matangani," alisema, "na Mungu hajahama."

Basi kila jioni, nikishapeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, nilikaa karibu na meko na vidole vyangu vyeusi vya utomvu, nikapiga. Baba hakunifundisha. Nilimtazama tangu utotoni, na macho yakashika. Taabu ilikuwa moja. Kila mpigaji huipanga chepkong'o kwa koo lake, na baba alikuwa na sauti nzito ya fahali. Kupiga nyuzi nilijua, kuzipanga sikujua, kwa hiyo nilikuwa nashuka kumfuata huko chini, nikiimba kama mtu mwenye mafua.

Ijumaa mama akaniharibia. Mama ni mtu wa maombi, na yeye pia hakutaka ichomwe. Akawaza kwamba ikisafishwa vizuri wazee wa kanisa wataikubali. Akaiosha kwa maji moto na sabuni ya unga, kisha akaisugua na mkaa, vile tunavyosafisha kibuyu kabla ya kutia maziwa ya mursik. Niliporudi kutoka shambani niliikuta imeanikwa kwenye ua, ngozi imelegea, nyuzi zinaning'inia.

"Nimeosha yote," mama akasema, ameridhika kabisa. "Sasa imeokoka."

Nilitaka kulia, nikalia. Kisha nikaipeleka kwenye meko, nikawa naigeuzageuza pole pole kama hindi la kuchoma. Asubuhi ngozi ilikuwa imekaza, ila kila uzi ulikuwa umeshika njia yake. Nikazungusha vile vitambaa vya juu vinavyokaza nyuzi, hapa na pale, kwa kubahatisha. Nilijua si sawa. Nikaibeba hivyo hivyo, kwa sababu chepkong'o ya baba yangu haikuwa kuni.

Moto uliwashwa nyuma ya kanisa la zamani la mbao. Watu walikuwa wameleta pembe, shanga, mirija ya pombe. Mzee Gibson alivaa suti, ameshika galani ya mafuta ya taa. Niliweka kigoda changu mbele yake, nikakaa, nikapiga.

Ilikuwa mbaya. Mtu alicheka. Nikaanza tena, na kila nilipofika mahali fulani Mzee Gibson alikunja uso kama mtu mwenye jino bovu. Nilidhani ni hasira. Nikarudia tena, kwa nguvu zaidi.

"Wacha," alisema.

"Sijamaliza."

"Huo uzi wa nne uko chini."

Nikauzungusha.

"Umepitisha. Rudisha kidogo." Akaweka galani chini. "Lete hapa."

Alikaa kwenye kigoda changu na suti yake, akaipeleka chepkong'o motoni. Nikanyoosha mkono kuinyakua. Lakini hakuitupa. Aliielekeza ngozi kwenye joto, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akaigeuza tena.

"Walikuwa wanapiga pamoja, yeye na baba yako," mama alininong'oneza. "Aliacha siku aliokoka. Hata salamu walikuwa hawapeani vizuri." Miaka hiyo yote hakuwahi kuniambia.

"Imba," Mzee Gibson akasema.

"Niimbe gani?"

"Ile ya kesho."

Nikashuka kule chini nilikozoea, nikaanza. Alitikisa kichwa.

"Hiyo ni sauti ya Jonah. Jonah amelala. Imba na yako."

Nikaimba na yangu. Alifumba macho, akaanza kuzungusha, uzi kwa uzi, akivuta vitambaa vilivyofungwa kwenye mti wa juu. Hakuna aliyecheka sasa. Alipomaliza alinirudishia bila kunitazama, na machozi yalikuwa yanamtoka, sitasema ni moshi.

Nilipoigusa, sikuhitaji kushuka. Nyuzi zilikuwa zimepanda zikanifuata mimi. Niliimba wimbo wote, na Dorcus na akina mama wengine wakaingia nyuma yangu.

Mzee Gibson aliokota galani yake, akaenda kumwagia mafuta ile mirija ya pombe.

"Kesho uje mapema," alisema, amenipa kisogo. "Asubuhi kuna baridi. Hiyo ngozi itataka moto."